Hongera, Teddy Akumu

Huku Matondoni, kijiji cha mafundi wa majahazi, watu wanaijua thamani ya kalafati: pamba iliyolowa mafuta, ikashindiliwa kati ya mbao mpaka maji yakose pa kupenya. Chombo kikishushwa majini, husifiwa tanga na omo. Kalafati haitajwi. Katika soka, kazi ya kiungo mkabaji ni hiyo hiyo, ndiyo maana nampongeza Anthony Akumu, maarufu kama Teddy.

Alikuwa Gor Mahia mwaka 2013, walipotwaa ubingwa wa Kenya kwa mara ya kwanza tangu 1995. Akapitia Sudan, kisha Zesco United ya Ndola, Zambia, na Januari 2020 akachukuliwa na Kaizer Chiefs ya Johannesburg, Afrika Kusini. Msimu ule uliisha kwa uchungu: Chiefs waliongoza ligi kwa muda mrefu, wakapokonywa taji na Mamelodi Sundowns siku ya mwisho, Septemba 2020.

Mtazame vizuri kiungo wa aina yake. Kabla pasi haijamfikia ameshageuza shingo, kulia na kushoto, anajua mpinzani yuko wapi. Mguso mmoja, mpira umekwenda kwa mwenzake. Beki wa pembeni akipanda, yeye hushuka kuziba pengo. Hayo hayaingii kwenye orodha ya wafungaji, nami naona ni dhuluma.

Vijana wetu wanaoota soka la kulipwa wasiwaze Ulaya tu. Ndola na Johannesburg nako kuna ajira, na ushindani wake ni mkali.