Sikio la Adler

Wanaolisifu jengo la Auditorium la Chicago humtaja kwanza Louis Sullivan, fundi wa zile nakshi za dhahabu na taa za umeme zilizopangwa juu ya matao. Anastahili. Lakini mimi namsifu mshirika wake, mhandisi Dankmar Adler, ambaye ufundi wake hauonekani.

Tajiri Ferdinand Peck alitaka opera isiwe starehe ya wateule. Ghasia za Haymarket za 1886 zilikuwa zimeonyesha jinsi wenye mali na wafanyakazi wa mji huo walivyofarakana. Kwa hiyo vile vyumba vya heshima, ambamo matajiri huketi ili watazamwe, vilikuwa 40 tu, tena vikasukumwa pembeni. Viti vya kawaida vilizidi 4,000. Sasa, katika enzi isiyo na vipaza sauti, mtu wa kiti cha mwisho angesikiaje?

Adler aliipandisha sakafu ya viti kwa mkunjo, sauti ya jukwaani isije ikazibwa na vichwa vya waliokaa mbele. Matao ya dari aliyafanya yapanuke hatua kwa hatua kadiri yanavyoliacha jukwaa, kama mdomo wa siwa. Ndani ya matao hayo akapitisha hewa, ambayo wakati wa joto ilipozwa kwa barafu. Na siku ambazo watu ni wachache, vipande vya dari vyenye bawaba viliteremshwa kuzifunika roshani za juu, ukumbi ukapungua hadi viti 2,500 hivi. Siku hizi ukumbi ukimeza sauti tunaongeza spika, kelele zikazidi, maneno yakapotea vilevile.

Udongo wa Chicago ndio uliomshinda. Ni mfinyanzi laini, na sehemu za jengo zikadidimia zaidi ya nusu mita.

Ukumbi ulizinduliwa tarehe 9 Desemba 1889, Adelina Patti akaimba mbele ya Rais Benjamin Harrison. Baadaye opera ilihama, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia wanajeshi wakacheza mchezo wa kuvingirisha matufe papo hapo jukwaani. Chuo Kikuu cha Roosevelt kililichukua jengo mwaka 1946. Ukumbi ukakarabatiwa na kufunguliwa tena 1967.

Ukijaliwa kufika huko, usigombanie tiketi za mbele. Nunua ya roshani ya juu, kiti cha nyuma kabisa. Adler alikujengea wewe.