Pongezi kwa Fundi wa Karo

Dar es Salaam, ambako nyumba nyingi hazijaunganishwa na mabomba ya majitaka, afya ya mtaa imo mikononi mwa fundi wa karo. Kazi yake hufukiwa na kusahauliwa, na humo matapeli hujificha. Namsifu yule anayeanza kwa maswali: mko wangapi, kisima kiko wapi, masika maji hupanda hadi wapi? Kule Msasani Bonde la Mpunga ukichimba kidogo tu maji hujitokeza. Fundi wa kweli atakataa kuchimba shimo refu hapo, hata akikosa tenda. Hujenga karo la vyumba viwili, cha kwanza kikubwa zaidi ili tope litulie, na huweka bomba la T kuzuia mafuta na povu visiende kuziba shimo la kunyonya. Kisha hulijaza karo maji, akaliacha usiku kucha, na asubuhi akapima kama yamepungua. (Wa bei poa wakati huo ameshafukia na kulipwa.) Mwulize pia gari la majitaka litasimama wapi. Aliyeacha mfuniko unaofunguka na njia ya mpira amewafikiria mtakaoishi hapo miaka mingi baada ya yeye kuondoka.