Tusimcheke anayesema skonzi

Hukereka nisikiapo mwalimu akimkejeli mwanafunzi aliyetamka "skonzi" katika kipindi cha Kiingereza. Eti kaharibu neno la wenyewe. Wenyewe gani? Waingereza hadi leo hawajaafikiana: wapo wanaosema "skon", wapo wanaosema "skoun". Na kijiji cha Scone kule Scotland, ambako Edward I alilitwaa jiwe la kutawazia wafalme mwaka 1296, huitwa "skuun". Herufi zile zile, matamshi matatu!

Kiswahili kiliumaliza udhia huo. Kilichukua umbo la wingi, "scones", kikalitia irabu mwishoni. Slesi nayo ikatiwa irabu mwishoni. Hata kitu chenyewe si kile: skonzi yetu huumuliwa kwa hamira, ya Uingereza kwa baking poda. Neno ni letu, mkate ni wetu.

Huko Dagahaley, kaunti ya Garissa, suala hili si la mzaha. Kisomali hakina sauti p, hivyo mtoto husema "ben" akikusudia "pen", akachekwa. Ilhali jina la kambi hiyo kwa Kisomali ni Dhagaxley, yaani penye mawe, na x hapo ni h ya kooni kama ya Kiarabu. Ofisi zikaandika Dagahaley, na hakuna aliyecheka.

Matamshi yafunzwe, naam. Mtihani upo, kazi zipo. Lakini mtoto aliyechekwa hufunga kinywa, na kinywa kilichofungwa hakijifunzi lugha yoyote.