Cessna ya Nairobi ilale wapi?

Mwenye ndege ndogo anayeishi Nairobi akianza kutafuta mahali pa kuiweka, mara nyingi huanza na ada. Huuliza uwanja wa ndege wa Wilson unatoza kiasi gani kwa mwezi, kiwanja cha binafsi upande wa Kajiado kiasi gani, na kama kule pwani kwa jamaa mwenye nyumba ya likizo hakuna nafasi ya bei nafuu zaidi. Kisha analinganisha, anachagua penye gharama ndogo, anasaini. Naona hesabu hiyo imeanzia mkiani. Inafaa ianzie kwenye injini, tena kwenye chuma kimoja tu kilichomo ndani yake.

Tuchukue Cessna 172, ndege iliyotengenezwa kwa wingi kuliko nyingine yoyote duniani. Nyingi kati ya zile zilizotoka kiwandani kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 zina injini ya Lycoming yenye silinda 4 zilizolazwa ubavu. Katika injini hiyo kemshafti, yaani ule mhimili wenye vinundu vinavyofungua vali, hukaa juu ya krenki. Injini inapozunguka, oili hurushwa juu na kuilowesha. Ikizimwa, oili huchuruzika kurudi kwenye sampu, na siku zinavyopita vile vinundu hubaki na utando mwembamba sana. Unyevu ukipenya, kutu huanza kama vidoa vidogo kuliko ncha ya sindano. Siku ndege inapowashwa tena, kinundu kinasugua tapeti, chuma kinamegeka pale penye doa, na vipande vinashuka kwenye oili. Fundi huvigundua siku ya kubadilisha oili: anakata filta, anakunjua karatasi yake juani, na kwenye mikunjo anaona unga unaometameta ambao sumaku inaunasa. Kutoka hapo hakuna njia ya mkato. Kubadilisha kemshafti ni kuifungua injini nzima. Injini nyingi za Continental zimewekewa kemshafti chini ya krenki, hivyo ugonjwa huu hauzisumbui sana, ingawa silinda zake hupata kutu kama za wenzake.

Lycoming wenyewe, katika mwongozo wao wa kuhifadhi injini, wanasema kwamba mahali penye unyevu mwingi kutu inaweza kuonekana kwenye kuta za silinda mpya zilizokaa siku 2 tu bila kufanya kazi. Wanashauri ndege iruke walau saa nzima mfululizo, oili ikiwa kati ya nyuzi 74 na 93 za Selsiasi, bila kupitisha siku 30, na muda huo ufupishwe kulingana na hali ya mahali. Kuiwasha kwa dakika kumi ikiwa imesimama hakuisaidii. Kila petroli inapoungua hutoa mvuke wa maji. Oili isipopata moto wa kutosha kuufukuza, maji hayo hubaki ndani yakichanganyika na asidi. Nimeona watu waungwana kabisa wakimtuma kijana kila Jumamosi akawashe injini "isikae", wakiamini wanaitunza, kumbe wanaiongezea maji.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mwenye ndege ni hili: ukiiweka pale, utairusha mara ngapi kwa mwezi? Ada ije baadaye.

Pwani inavutia, na kwa rubani ina sababu ya kweli. Malindi na Ukunda ziko karibu na usawa wa bahari. Hata joto likifika nyuzi 30, hewa ile kwa injini ni kama ya futi 1,800 hivi, na Cessna 172 hupaa kwa raha. Lakini hewa hiyohiyo imebeba chumvi mwaka mzima, kusi ikivuma na kaskazi ikivuma. Chumvi hupenya kwenye maungo ya mabati ya aluminiamu, chini ya vichwa vya ribiti, kwenye bawaba za mabawa madogo ya kuongozea, kwenye nyaya za usukani na kwenye reli za viti. Dalili yake ni unga mweupe au rangi iliyofura kandokando ya ribiti. Ndege nyingi za zamani za Cessna zilitoka kiwandani bila rangi ya kinga upande wa ndani, kwa kuwa kinga hiyo alipewa aliyeilipia. Kwa hiyo nje inaweza kung'aa huku ndani ya mkia kunaliwa. Sasa ongeza umbali: mwenyewe anaishi Nairobi, ndege iko Malindi, zaidi ya kilomita 400 kwa mstari ulionyooka. Ataifuata kwenye likizo za Aprili, Agosti na Desemba, na katikati itakaa miezi mitatu mitatu katika hewa mbaya kuliko zote. Kwa mtu huyo nasema pwani hapana, hata akipewa hanga bure. Anayeishi Malindi na kuruka kila wiki ni habari nyingine. Huyo ainunulie hanga lenye milango inayofunga, aoshe ndege kwa maji yasiyo na chumvi, na apulizie dawa ya kuzuia kutu ndani ya mabawa na mkia.

Nairobi nayo ina deni lake. Wilson iko futi 5,500 na ushei juu ya bahari. Kwa hewa ya vitabuni, kimo hicho kingekuwa na nyuzi 4 za joto. Alasiri ya Februari kipimajoto husoma 27. Kila nyuzi inayozidi huongeza futi 120 hivi katika kile kimo ambacho ndege yenyewe inakihisi, kwa hiyo nyuzi 23 za ziada huifanya Cessna ijikute kama iko futi 8,300. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000. Robo ya nguvu imeondoka kabla ya kuachia breki, mabawa nayo yanahitaji mwendo mkubwa zaidi ili yabebe, na urefu wa njia unaotumika hadi magurudumu yaachane na ardhi hukaribia mara mbili ya ule wa pwani. Saa moja asubuhi, joto likiwa nyuzi 14, kimo hicho hushuka hadi futi 6,700 hivi. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utabeba abiria wawili nyuma au utawaacha.

Hapo barabara inaingia kwenye hesabu. Saa nzuri za kuruka Nairobi ni za asubuhi, na asubuhi za Juni hadi Agosti mara nyingi mawingu hushuka chini yakakaa mpaka karibu na adhuhuri. Anayeishi Lang'ata au Karen anaweza kuchungulia dirishani, akaona anga limefunguka, na baada ya muda mfupi yuko kando ya ndege yake. Anayelazimika kuvuka jiji zima kwenda kiwanja cha mbali hawezi kubahatisha hivyo. Akifika akute mawingu, mara ya pili hatatoka nyumbani. Hivyo ndivyo ndege zinavyoanza kukaa.

Wilson ina mambo matatu ambayo mwenye kuruka wikendi tu hatayapata kwa urahisi kwingine. La kwanza ni mafundi: karakana zilizoidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA, zimejaa pale, na hitilafu ya Ijumaa haihitaji fundi asafirishwe. La pili ni petroli ya ndege za pistoni, avigasi, inayotoka kwenye pampu. Kwenye viwanja vya porini utaweka mapipa ya lita 200, na kila pipa lililofunguliwa ni mlango wa maji na uchafu. Kabla ya kuruka, rubani huchota kidogo kutoka chini ya kila tangi kwenye kichupa cha plastiki na kukiinua kwenye mwanga: avigasi ni buluu hafifu, na maji yakiwemo hutulia chini kama tone lisilo na rangi. Tangi lililoachwa nusu kwa wiki kadhaa hujitengenezea maji lenyewe, hewa yake inapopoa usiku. La tatu ni forodha na uhamiaji, kwa anayetaka kutoka moja kwa moja kwenda Arusha au Entebbe.

Gharama ya hayo ni msongamano. Ndege za safari za watalii, za mafunzo, za madaktari wa AMREF na za misaada zote hutumia njia mbili zilezile. Tarehe 5 Machi 2024 Cessna 172 ya mafunzo iligongana angani na ndege ya abiria aina ya Dash 8, karibu na Wilson, juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Mwanafunzi na mwalimu wake walifariki, na Dash 8 ikarudi salama na watu 44. Anayeweka ndege Wilson anapaswa kuwa mtu wa redio, anayesikiliza kabla ya kusema na kutii mnara neno kwa neno. Asiyejiamini kwa hilo hana budi kufikiria kiwanja cha binafsi kama Orly, kusini mwa mbuga, ambako wenye ndege wamejijengea hanga zao na pilikapilika ni chache.

Viwanja vya namna hiyo navipenda, na kwa anayeruka kila wiki nadhani ndivyo bora. Hanga ni lako, unaingia na kutoka bila foleni, na majirani zako ni marubani wanaoona tairi lako likipungua upepo kabla hujaliona wewe. Ila uangalie njia yenyewe. Kokoto za murramu hunyonywa na propela na kung'ata kingo zake, na kila jeraha lazima fundi alilainishe kwa tupa kabla halijawa ufa.

Popote atakapochagua, hanga au nje? Watengenezaji wa zamani walilifikiria hili mapema. De Havilland walipoirusha Moth kwa mara ya kwanza mwaka 1925, mabawa yake yalikunjwa nyuma ili mtu binafsi aiingize kwenye banda dogo. Bawa la Cessna halikunjiki: mita 11 kutoka ncha hadi ncha. Kwa hiyo wengi hugawana hanga, na hapo hatari kubwa ni kugongwa na ndege ya jirani inaposukumwa. Hata hivyo banda la kugawana ni bora kuliko jua la ikweta, linalopasua vioo vya plastiki kwa nyufa kama utando na kukausha mipira ya milango.

Akilazimika kukaa nje, afunge sehemu tatu, mabawa mawili na mkia, kwa kamba ya nailoni na vigingi vilivyozikwa kwenye zege. Kamba ya katani ikilowa hukaza na kuvuta bawa, ikikauka hulegea. Cessna iliyopakiwa hupoteza uwezo wa kuelea chini ya kilomita 95 kwa saa hivi, na ikiwa tupu huelea hata kwa mwendo mdogo zaidi, maana yake dhoruba ya kasi hiyo ikiipiga usoni inaweza kuirusha bila rubani. Na mrija wa pito, unaopima mwendo, ufunikwe kila usiku. Nyigu wajengao kwa udongo hupenda tundu la ukubwa ule. Februari 1996 ndege ya Birgenair iliyokuwa imekaa bila vifuniko ilianguka ikitoka Puerto Plata, wakafa watu wote 189, na wachunguzi walishuku kiota cha nyigu hao.

Kwa hiyo kwa mwenye ndege wetu wa Nairobi, anayeruka mara mbili au tatu kwa mwezi na hana mtu wa kumwangalizia mali, nachagua nafasi ndani ya hanga la kugawana pale Wilson, ingawa ni ghali. Akifikia kuruka kila wiki, ahamie kiwanja cha binafsi na hanga lake. Kabla ya kusaini, asome mkataba aone nani anaruhusiwa kuisogeza ndege, kwa kifaa gani, na nani analipa ncha ya bawa ikivunjika. Ampigie pia wakala wa bima amwambie inalala wapi, kwa maana hilo huandikwa kwenye hati na huweza kubadilisha malipo ya mwaka. Na aulize lango hufunguliwa saa ngapi. Kama ni saa tatu asubuhi, aendelee kutafuta.