Marseille: Nani Anapika, Nani Analipa?

Ndugu msomaji, chukua hadithi yoyote ya kijana mwenzetu ambamo mhusika anafika Majuu. Hakosi kuingia hotelini. Anakaa, analetewa sahani, anakula, anafuta mdomo, basi. Hatuambiwi msosi ule ni bei gani, wala nani kaungua mikono jikoni. Nasema hivi: hapo hadithi imekwisha kuwa tangazo la watalii. Kwa ushahidi nachukua mji mmoja tu, Marseille, bandari kubwa ya kusini mwa Ufaransa, na riwaya tatu zilizouandika.

Mlo unaoupa mji ule sifa unaitwa bouillabaisse. Asili yake ni supu ya wavuvi: samaki wa miiba waliokosa mnunuzi walitiwa chunguni na kitunguu saumu, wakaliwa. Leo mambo yamegeuka. Mwaka 1980 baadhi ya wenye mikahawa waliandikiana mkataba kwamba supu halali iwe na samaki wa aina zisizopungua 4 kutoka orodha maalum, mchuzi na samaki viletwe mbalimbali, na samaki akatwe mbele ya mteja. Katika mikahawa ya namna hiyo mtu mmoja analipa zaidi ya euro 50. Chakula cha mnyonge kimepanda cheo, mnyonge kabaki nje. Mwandishi akikila bila kutuonyesha safari hiyo, katunyima nusu ya hadithi.

Claude McKay, mzaliwa wa Jamaika, hakutunyima. Katika Banjo (1929) wahusika wake ni mabaharia weusi wasio na meli, wanaorandaranda karibu na Bandari ya Zamani. Hawa hawasomi menyu. Wanaomba chakula kwa wapishi wa meli, na gatini wananyonya mvinyo kutoka kwenye mapipa ya watu. McKay mwenyewe alikiita kitabu hicho hadithi isiyo na ploti. Mimi naiona ploti yake, nayo ni tumbo: ndilo linalowaamsha na kuwapeleka kila wanakokwenda. Mtaa wao Wajerumani waliubomoa kwa baruti mwaka 1943, kwa hiyo usiende na kitabu mkononi kutafuta mlango. Kinachobaki kwa mgeni mwenye njaa ni mbinu tu: mwangalie anayetoka kazini, uone anaingia wapi kula.

Sembène Ousmane wa Senegali alikuwa kuli katika bandari hiyo hiyo kabla ya kutoa Le Docker noir mwaka 1956. Diaw Falla, mhusika wake, anabeba mizigo kutwa, usiku anaandika. Mswada wake unachukuliwa na mwandishi wa Kifaransa, mwanamke mwenye jina, unatolewa kwa jina lake huyo. Kiswahili chetu kina neno lake: kaliwa jasho. Chipukizi wenzangu, hiki kisomeni kwanza. Kinauliza swali la mlo kwa ukali kuliko vyote: nani alilima, nani anashiba?

Wa tatu ni Jean-Claude Izzo, mwana wa mhamiaji wa Kiitalia, na riwaya yake ya upelelezi Total Khéops (1995). Huyu ndiye anayetia mate mdomoni. Askari wake, Fabio Montale, anaishi Les Goudes, kijiji cha wavuvi pembezoni mwa mji, ana mashua, na jirani yake bibi Honorine humpikia. Uzuri wa Izzo ni kwamba sahani inakuja na ukoo wake: Waitalia, Waarabu, Wahispania, kila mmoja kaingia mjini na chungu chake. Lakini hapa namshika. Honorine tunamwona kwa macho ya Montale tu, na Montale anamwona akiwa na chakula. Yeye anapokula peke yake anawaza nini? Upishi umekuwa dawa ya majonzi ya mwanamume. Kwa mwandishi aliyejua sana machungu ya wahamiaji, huo ni upungufu.

Na kuna jiko moja lililo karibu nasi kuliko yote hayo. Wangazija wamejaa Marseille, watu ambao lugha yao na Kiswahili ni mtu na ndugu yake. Salim Hatubou (1972-2015), mzaliwa wa Ngazija aliyekulia huko, aliandika kwa Kifaransa juu ya maisha yao na ngano za kwao. Katika vichochoro vya soko la Noailles utakuta mihogo na ndizi za kupika. Mataba yao ni kisamvu chetu cha nazi. Msomaji wa Tanga au Mombasa akiandikiwa harufu hiyo hahitaji maelezo.

Basi anayetaka kumpeleka mhusika wake Marseille ampitishe mlango wa nyuma, kwenye masufuria. Atuambie nani anaosha vyombo, anatoka wapi, na mwisho wa mwezi anapata ngapi. Baada ya hapo mhusika na ale, tutamwamini kwamba kashiba.