Istilahi za Udhibiti wa Kuingia katika Mtandao: Uhakiki

1. Utangulizi

Tangu Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki nchini Tanzania, haja ya kuandika nyaraka za kitaalamu kwa lugha ya taifa imezidi kuwa kubwa. Hilo ni jambo la kufurahisha. Hata hivyo, furaha hiyo isitusahaulishe kwamba waraka ukiisha kutiwa sahihi huwa una nguvu. Neno lililotumiwa ovyo katika gazeti huudhi msomaji. Neno lililotumiwa ovyo katika mkataba wa kununua mitambo huweza kuacha wazi tundu ambalo mwenye ofisi alidhani limefungwa.

Maneno haya tunayasema kwa sababu ya rasimu moja ya mwongozo iliyopita mikononi mwetu, ambayo hapana haja ya kuitaja ilikotoka. Rasimu hiyo yahusu namna ya kuzuia kifaa kisichojulikana kisiingie katika mtandao wa ofisi, endapo swichi za mtandao huo zimetoka kwa watengenezaji mbalimbali. Waliotafsiri wamejitahidi, na Kiswahili chao ni fasaha. Kasoro iliyopo si ya sarufi, bali ni ya dhana. Tena si yao peke yao, kwa kuwa sehemu kubwa ya vurugu hii imezaliwa na watengenezaji wenyewe, ambao hutumia neno moja kwa mambo mawili na maneno mawili kwa jambo moja. Tutazihakiki istilahi zilizo muhimu zaidi, kisha tutatoa mapendekezo.

2. Neno "ruhusa" na mizigo yake

Katika rasimu, neno "ruhusa" limebebeshwa dhana tatu. Tuzitenganishe kwa mfano wa ofisini. Mtu afikaye na kusema "Mimi ni fulani" amejitambulisha. Akitoa kitambulisho kikakaguliwa, amethibitishwa. Akiambiwa "Ingia masjala, lakini chumba cha hazina usikikaribie", ameidhinishwa. Hatua hizo hufuatana, wala hatua moja haiwezi kushika nafasi ya nyingine. Kifaa chaweza kuthibitishwa barabara, na bado kikaidhinishwa kupita mipaka yake.

Kwa hiyo kifungu kisemacho "swichi ziwe na uwezo wa kutoa ruhusa" hakimbani muuzaji hata kidogo. Kila muuzaji atajibu kuwa swichi zake zina uwezo huo, na atakuwa amesema kweli. Twashauri "utambulisho", "uthibitishaji" na "uidhinishaji" yashike kila moja nafasi yake, na "ruhusa" liachwe kwa mazungumzo ya kawaida.

3. Mwombaji, bawabu na seva

Kiwango cha IEEE 802.1X, kilichotolewa kwanza mwaka 2001 na kurekebishwa mwaka 2004, 2010 na 2020, chataja wahusika watatu. Wa kwanza ni programu iliyomo katika kifaa kinachotaka kuingia. Rasimu imeiita "mnyenyekevu". Bila shaka mtafsiri alifungua kamusi ya Kiingereza na kukutana na mtu apigaye magoti. Lakini programu hii hainyenyekei kwa yeyote. Inaomba kuingia tu. "Mwombaji" latosha.

Wa pili ni swichi, ambayo kiwango huiita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mthibitishaji. Rasimu imelitafsiri hivyo hivyo, na hapo kosa limekuwa kubwa zaidi, maana swichi haithibitishi kitu. Kazi yake ni kusimama mlangoni, kupokea maneno ya mwombaji, kuyapeleka ndani, kungoja jibu, na kulitimiza jibu hilo kwa kufungua au kufunga. Athibitishaye ni wa tatu, yaani seva, ambayo kwa kawaida husemezana na swichi kwa kanuni za RADIUS, zilizoanzia katika kampuni ya Livingston na kuwekwa katika waraka namba 2865 wa mwaka 2000. Msomaji akiambiwa kwamba swichi ndiyo mthibitishaji, siku mambo yakiharibika ataishughulikia swichi ilhali kosa limo katika seva.

Kiswahili kinalo tayari neno la mtu wa kazi hii, nalo ni "bawabu". Bawabu hana mamlaka ya kukubali wala kukataa mgeni; hupeleka habari kwa mwenye nyumba. Twapendekeza basi "mwombaji", "bawabu" na "seva ya uthibitishaji". Kwa msingi huo huo, tendo la seva liitwe "uamuzi", na la swichi liitwe "ushurutishaji". Rasimu imetumia "utekelezaji" kwa yote mawili, na zaidi ya hayo ikalitumia kwa maana ya kuanzisha mradi.

4. Mlango upi?

Rasimu yaagiza: "Fungua mlango 1812." Mtumishi mwenye swichi yenye matundu 48 atautafuta mlango huo mpaka jua lizame. Namba 1812 si ya tundu la waya. Ni namba ya kimantiki ambayo seva husikilizia maombi ya uthibitishaji. Taarifa za matumizi hupokewa kwa 1813. Mitambo ya zamani hutumia 1645 na 1646. Amri ya kubadili idhini ya kifaa kilichokwisha kuingia, iliyoelezwa katika waraka namba 5176 wa mwaka 2008, ilipangiwa 3799, lakini swichi za Cisco zisipoelekezwa vingine huingojea kwa 1700. Asiyeijua tofauti hiyo ataamuru kifaa kibaya kitolewe, na amri yake haitamfikia yeyote. Twashauri "tundu" liwe pale pachomekwapo waya, na "mlango" libaki kwa namba.

5. Shina lisilo mti

Neno "tranki" limetafsiriwa kuwa "shina" kila lilipoonekana. Lakini katika swichi za Cisco tranki ni tundu linalopitisha mitandao mingi iliyotengwa, yaani VLAN, kwa njia moja. Katika swichi za HP za jamii ya ProCurve, tranki ni nyaya kadhaa zilizounganishwa zikafanya kazi kama waya mmoja. Huawei nayo hutumia jina hilo pande zote mbili: aina ya tundu huitwa tranki, na nyaya zilizounganishwa huitwa Eth-Trunk. Hapo "shina" halisaidii kitu, wala kutohoa hakusaidii. Dhana ni mbili, nazo zastahili majina mawili. Twapendekeza "njia shirika" kwa ile ya kwanza na "kicha cha nyaya" kwa ile ya pili.

6. Neno "moja" lililo hatari

Sasa twafika penye jambo zito kuliko yote. Tuseme chini ya meza ya ofisi pana kijiswichi cha bei ndogo kilichochomekwa katika tundu la ukutani. Mtumishi anaunganisha kompyuta yake humo na kuthibitishwa. Baadaye mgeni anachomeka ya kwake katika kijiswichi hicho hicho. Je, bawabu afanye nini?

Jibu hutegemea hali ambayo tundu limewekewa. Katika swichi za Cisco hali iitwayo "single-host" hukubali kifaa kimoja tu. Cha pili huhesabiwa kuwa ni uvunjaji wa amri. Katika swichi za Juniper hali iitwayo "single" humthibitisha wa kwanza tu, na wote wanaofuata huingia bila kuulizwa, kwa kudandia uthibitisho wa mwenzao. Hali ya Juniper inayolingana na ile ya Cisco huitwa "single-secure". Na hali ya Cisco inayolingana na "single" ya Juniper huitwa "multi-host". Yaani kile ambacho kampuni moja hukiita "moja", nyingine hukiita "wengi".

Rasimu imetafsiri jina badala ya maana, ikaagiza kwamba swichi zote "ziwekwe katika hali ya moja". Fundi mtiifu atakayeufuata mwongozo huo neno kwa neno atalifunga tundu la ghorofa ya kwanza, na kuliacha wazi la ghorofa ya pili, huku akiwa na karatasi yenye muhuri inayosema kuwa ametimiza masharti. Twapendekeza istilahi tatu zinazotaja tendo lenyewe: "hali ya kifaa kimoja", wa pili anapokataliwa, "hali ya mdandio", wa kwanza anapothibitishwa na wengine wakadandia, na "hali ya kila kifaa", kila mmoja anapothibitishwa kwa nafsi yake. Neno "mdandio" lina kebehi kidogo, nasi hatuioni kuwa ni kasoro.

7. Kukwepa, na sifa maalumu

Kuna vifaa visivyo na mwombaji ndani yake, kama vile baadhi ya mitambo ya kuchapia. Hivi hutambuliwa kwa anwani ya MAC yenye tarakimu kumi na mbili. Cisco huuita utaratibu huo kwa jina lenye maana ya kukwepa, na rasimu imeandika "kukwepa uthibitishaji". Msomaji ataelewa kwamba hapana ukaguzi, kumbe upo: anwani hupelekwa kwa seva na kulinganishwa na orodha. Udhaifu wake ni kwamba anwani yaweza kuigizwa na mtu mwovu. Basi uitwe "uthibitishaji kwa anwani", na udhaifu wake uelezwe waziwazi. Kadhalika ielezwe kwamba anwani ile ile huandikwa kwa nukta na swichi fulani, kwa vistari na nyingine, na bila alama yoyote na nyingine tena, hata seva ikadhani ni majina tofauti.

Kuhusu maagizo ambayo seva humpa bawabu, rasimu imetofautisha "sifa za kawaida" na "sifa maalumu". Sifa za kawaida ni kama namba 64, 65 na 81, ambazo waraka namba 3580 wa mwaka 2003 waeleza namna ya kuzitumia kumpeleka mwombaji katika VLAN yake. Zile nyingine hupitia namba 26, zikiwa na namba ya kampuni: 9 kwa Cisco, 11 kwa HP, 2636 kwa Juniper. Swichi isiyoijua lugha ya kampuni nyingine kwa kawaida huipuuza, na kizuizi kilichokusudiwa kikapotea kimya kimya. Neno "maalumu" huvutia sikio, na mwandishi wa zabuni aweza kudhani kwamba zilizo maalumu ndizo bora. Twashauri "sifa sanifu" na "sifa za mtengenezaji", ili msomaji ajue lipi ni la wote na lipi ni la mmoja.

8. Sentensi yenye pande mbili

Rasimu yasema pia: "Seva ikishindwa, swichi iendelee na kazi." Kazi ipi? Kulinda, au kuingiza watu? Swichi nyingi humtaka msimamizi achague: kukataa wote, kukubali wote, au kuwapeleka katika VLAN yenye mipaka. Hospitali huenda isivumilie mitambo yake kukatika. Ofisi inayohifadhi taarifa zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 huenda ikachagua kufunga. Uamuzi huo ni wa mwenye dhamana, si wa mtafsiri wala wa fundi. Sentensi isiyoonyesha upande inamnyang'anya uamuzi huo bila yeye kujua.

9. Hitimisho

Kwa watafsiri tuna mashauri matatu. Kwanza, amri ambazo fundi huziandika katika swichi zisitafsiriwe. Ziachwe kama zilivyo, na maana yake itolewe kando. Pili, dhana isitafutwe katika kamusi kabla ya kuulizwa kwa fundi: "Ukibonyeza hapa, ni nini kinachotokea?" Tatu, panapokuwa na watengenezaji wengi, kiwango cha wote ndicho kiwe msingi wa istilahi, na majina ya kampuni yawekwe katika jedwali la kulinganisha.

Istilahi tulizozitaja ni mapendekezo tu mpaka zitakapojadiliwa na kusanifiwa kwa utaratibu uliowekwa. Walimu wazijaribu darasani, na watumishi wazipime katika kazi zao. Mwenye neno bora kuliko "bawabu" au "mdandio" na alilete, pamoja na maelezo ya tendo analolitaja.