Kelele ya Simu Huzuiwa Mlangoni

Simu ya GSM ikiwekwa kando ya amplifaya, spika hukoroma "drrr-drrr" hata kabla simu yenyewe haijaita. Jambo hili lina kitendawili ndani yake: simu hiyo hurusha mawimbi ya takriban megahezi 900, na amplifaya ya sauti haina nguvu ya kukuza mawimbi ya kasi hiyo. Inakuwaje basi tuyasikie? Jibu liko kwenye transista ya kwanza. Wakati wa mazungumzo, simu hairushi mawimbi mfululizo bali kwa vipande, kama mara 217 kwa sekunde. Transista hupitisha umeme kwa urahisi zaidi upande mmoja kuliko mwingine, hivyo kila kipande hubaki kama msukumo mdogo wa umeme. Misukumo 217 kwa sekunde ni sauti kamili, na amplifaya huikuza kwa uaminifu ule ule inaoukuzia wimbo.

Ndiyo maana kuchuja kelele hii kwenye spika ni kuchelewa: imeshachanganyika na sauti za watu. Dawa ni kuweka kapasita ndogo kutoka mlango wa kuingilia hadi ardhini, mbele ya transista. Kapasita ya pikofaradi 100 huwa kizuizi cha omu 80,000 hivi kwa sauti ya kilohezi 20, lakini kwa megahezi 900 ni omu 2 tu. Mawimbi ya simu hukimbilia ardhini, sauti ikapita salama. Ila ukiiacha na miguu yenye jumla ya sentimita moja, miguu hiyo peke yake huongeza omu zaidi ya 50, na njia ya mkato imezibwa. Kapasita ile ile, bei ile ile. Kilichoiharibu ni milimita chache.

Atakayesema kasha la chuma linatosha asahau kwanza waya wa maikrofoni unaopenya kasha hilo: sentimita 8 tu za waya ni antena nzuri kwa mawimbi haya. Hoja nzito zaidi ni kwamba rezista, ambayo mara nyingi huwekwa kabla ya kapasita hiyo, huongeza mchakacho wake yenyewe. Ni kweli, na kwa maikrofoni yenye sauti hafifu huenda ikafaa kuibadili rezista hiyo kwa ushanga wa feraiti. Hapo kinachobadilika ni kifaa. Mahali pake hapabadiliki: mlangoni, kwa miguu mifupi, kabla transista haijaonja wimbi.